Mapango ya Amboni: mwongozo kamili wa kuingia, kutazama na kutoka salama

Mara ya kwanza kuingia Mapango ya Amboni nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa watoto zaidi ya arobaini na tochi mbili, moja mbele na moja nyuma. Niliporudi nyumbani mama akaniuliza nimeona nini, nikashindwa kumjibu, maana muda wote ule nilichokiona ni shati jeupe la mwenzangu aliyenitangulia. Nikaja kurudi baada ya miaka mingi, tukiwa wanne tu, kila mtu na taa yake, na mwongozaji asiye na haraka. Siku hiyo ndiyo niliyoliona pango. Njia ilikuwa ileile na mawe yaleyale.

Naandika haya kwa sababu watu wengi bado wanaingia Amboni kama nilivyoingia mimi utotoni. Wanapiga picha mlangoni, wanasukumana gizani, na baada ya dakika 20 wako nje wanatafuta soda. Wakiulizwa wanasema, "Ni giza tu na popo." Pango lile linastahili saa moja na nusu ya utulivu, na maandalizi ya jioni moja kabla ya safari. Nitakupitisha hatua kwa hatua, na pale penye hatari au pale nilipoona watu wakikosea sana nitakaa kwa muda mrefu zaidi.

Jua kwanza unakokwenda

Mapango yako takribani kilomita 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, upande wa kijiji cha Kiomoni, ukiiacha barabara kuu inayokwenda Horohoro na Mombasa. Mto Mkulumuzi unapita karibu nayo. Yapo mapango kumi, lakini wageni huingizwa katika moja tu. Kwa hiyo akitokea mtu njiani akakuahidi kukupeleka "lile jingine ambalo watalii hawalijui," mshukuru na uendelee na safari yako. Huko hakuna njia iliyoandaliwa, na ukiteguka mguu hakuna anayejua ulipo.

Eneo hili lilikuwa mali ya kampuni ya mkonge ya Amboni tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1922 kampuni hiyo ikaiarifu serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwa pana mapango, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikayakabidhi kwa idara ya mambo ya kale. Siku hizi yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ndiyo maana ukifika unakuta sare na nembo za Ngorongoro wakati uko pwani kabisa. Wengi huwa wanashangaa.

Sasa mawe yenyewe. Yapata miaka milioni 150 iliyopita sehemu hii ilikuwa chini ya bahari. Magamba na mifupa ya viumbe vidogo vya baharini ilitulia chini, ikarundikana, ikashindiliwa mpaka ikawa mawe ya chokaa. Ardhi ikainuka na bahari ikarudi nyuma. Baada ya hapo kazi ilifanywa na mvua. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo hauwezi kukudhuru wewe, lakini ukipita kwenye ufa wa jiwe la chokaa mwaka baada ya mwaka unalila jiwe taratibu mpaka ufa unakuwa njia, na njia inakuwa ukumbi.

Baadaye maji hayohayo, yakidondoka kutoka kwenye dari ya pango, huacha nyuma chembe ya chokaa. Tone baada ya tone, chembe hizo hujenga mikuki ya mawe inayoning'inia juu, ambayo wataalamu huiita stalaktiti, na vichuguu vinavyopanda kutoka chini, yaani stalagmiti. Kwa kawaida hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Ukishalijua hilo, ukiona mkuki wenye urefu wa mkono wa mtu unasimama mwenyewe bila kuambiwa.

Chagua siku na saa

Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Njia ya kuingilia inateleza, mto unajaa, na tope la chokaa likikauka kwenye nguo halitoki kirahisi. Vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, ina siku zake mbaya. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kisha Januari na Februari. Mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku uliotangulia, piga simu au uliza kwanza, na mwongozaji akisema leo haingiliki usimbembeleze.

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi na sikukuu hujaa mabasi ya shule, na pango lenye watoto mia moja ni pango la kelele na vumbi. Ukifika mapema mwongozaji hajachoka na hakuna kundi linalowasubiri nyuma yenu.

Mwanga ndio safari yenyewe

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Ndani ya pango, baada ya kona ya pili, hakuna mwanga wowote. Si giza la usiku ambalo macho hulizoea baada ya muda. Utakaa humo saa nzima na mkono wako mwenyewe hutauona. Kwa hiyo taa yako ndiyo macho yako, na kanuni ya watu wanaoingia mapangoni duniani kote ni vyanzo vitatu vya mwanga kwa kila mtu. Kwa njia fupi ya Amboni, yenye mwongozaji, mimi nasema viwili havipungui: tochi ya kichwani na tochi ndogo ya akiba mfukoni. Simu iwe ya tatu.

Tochi ya kichwani, ile yenye mkanda wa kuvaa kwenye paji la uso, inauzwa maduka ya vifaa vya umeme na hata kwa wamachinga. Faida yake ni kwamba mikono miwili inabaki huru, na humo ndani utaihitaji yote. Ijaribu nyumbani usiku: zima taa zote, iwashe, iache dakika 90. Ikififia kabla ya muda huo, badili betri.

Kuna siku tulimchukua ndugu mmoja ambaye hakutaka kununua tochi. Alisema simu inatosha. Tulipoingia simu yake ilikuwa na chaji asilimia 18, na alikuwa anarekodi video huku taa imewaka. Tulifika mahali pa kuinama, mmoja wetu ameshapita, yeye akiwa katikati, simu ikazima. Nilimsikia akihema. Hakuumia, maana niliyekuwa nyuma yake nilikuwa na taa, lakini kwa zile sekunde chache alijaribu kusimama na kugonga kichwa kwenye dari. Alitoka na uvimbe wa ukubwa wa embe sindano. Tangu siku hiyo naikagua taa ya kila mtu kabla hatujatoka nyumbani.

Vitu vingine vya kubeba na kuvaa

Viatu viwe vya kufunika mguu na soli yenye meno. Raba za kawaida zinafaa kama soli haijaisha. Kandambili hapana, na viatu vya wazi vya kisigino hapana, hata kama picha inavihitaji. Suruali ndefu ngumu kiasi na shati la mikono mirefu, vya rangi usiyoionea huruma. Akina mama na akina dada wanaovaa gauni au baibui wavae suruali ndani, wafunge pindo juu wakati wa kupita penye wembamba, maana kitambaa kirefu hukanyagwa na aliye nyuma.

Kofia ngumu kama wanayo pale, ivae. Kama hakuna, hata kofia ya kufuma au kilemba kilichokunjwa vizuri kinapunguza maumivu ya kugonga dari. Beba barakoa, na nitaeleza kwa nini. Maji nusu lita yanatosha ndani, mengine yaache nje. Chakula usiingize. Begi liwe dogo la mgongoni, lisiwe na mikanda inayoning'inia.

Watu wengi hudhani pangoni ni baridi wakabeba masweta. Joto la pango hulingana na wastani wa joto la mahali lilipo kwa mwaka mzima, na Tanga ni Tanga. Ndani ni joto na unyevu, na kwenye vyumba visivyopitisha hewa utatoka jasho.

Nani asiingie, au aingie kidogo

Mwenye pumu isiyotulia, mwenye matatizo ya moyo, mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mtu mwenye hofu ya mahali pa kubana: hawa wabaki kwenye ukumbi wa mwanzo, ambao ni mkubwa na una mwanga wa mlangoni. Hakuna aibu. Mwenye kinga dhaifu ya mwili, kwa mfano anayetumia dawa za saratani, ni bora asiingie kabisa kwa sababu ya kinyesi cha popo.

Watoto wa umri wa miaka saba kwenda juu huenda vizuri, na mara nyingi wanapita penye wembamba kwa urahisi kuliko baba zao. Mtoto wa kubebwa usimfunge mgongoni. Mama anapoinama, kichwa cha mtoto ndicho kinachokutana na dari, na mama hana macho nyuma. Wazee wenye magoti mazima wanaingia, ila mwambie mwongozaji mapema apunguze mwendo.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni takribani kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera. Panga kulala Tanga. Ule msemo wa "waja leo waondoka leo" usikuponze, ukitaka kuingia pango asubuhi bila uchovu lala mjini. Basi litakushusha stendi ya Kange. Asubuhi panda daladala zinazoelekea Amboni, mwambie kondakta akushushe njia panda ya mapangoni, hapo utapata bodaboda mpaka getini. Mkiwa watatu au wanne, bajaji au taksi ya kwenda na kurudi inaleta unafuu. Patana bei ya kusubiri kabla ya kuondoka. Wanaotoka Mombasa huvuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, na mapango wanayakuta kabla hawajaingia Tanga mjini.

Getini

Salimia kwanza. Uliza bei zilizobandikwa, lipa, chukua risiti. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho, na uwe na salio kwenye simu kwa sababu malipo ya serikali siku hizi mara nyingi hupitia namba ya malipo.

Mwongozaji utapewa. Kabla ya kuingia muulize mambo manne: tutakuwa wangapi, njia ina sehemu ngapi za kutambaa, leo popo wako wapi, na je, kuna watu waliokuja kwenye mzimu, yaani mahali pa kuombea humo pangoni. Kwa maswali hayo atajua kuwa hukuja kupiga picha na kuondoka, na mara nyingi atakuongoza tofauti. Kundi likiwa zaidi ya kumi, omba mgawanywe.

Mjihesabu kwa sauti. Kila mtu ajue namba yake na nani yuko mbele yake. Mwachie mtu wa nje, hata kama ni dereva wa bodaboda, taarifa ya saa mnayotarajia kutoka.

Dakika kumi za mwanzo

Ukishaingia kwenye ukumbi wa kwanza, simama. Usiwashe taa mara moja. Macho yanahitaji dakika kadhaa kutoka kwenye jua la Tanga kuja kwenye kivuli hiki, na ukiyapa nafasi utaanza kuona dari iko juu kiasi gani na mistari ya maji ukutani. Mistari ile ya mlalo ni kumbukumbu ya viwango ambavyo maji yalifikia zamani, mto ulipokuwa ukipita humu ndani.

Kisha washeni taa, na mtembee kwa utaratibu huu: mwongozaji mbele, asiye na uzoefu nyuma yake, mwenye uzoefu wa mwisho. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye polepole zaidi. Taa ya kichwani isimulike usoni mwa mwenzako. Ukitaka kuongea naye, inamisha kichwa au ifunike kwa mkono. Anayeona jiwe linalotikisika, shimo, au dari iliyoshuka, aseme kwa sauti, na kila mtu alirudishe neno hilo kwa aliye nyuma: "Kichwa!" "Kichwa!" "Kichwa!" Baada ya muda inakuwa kama kiitikio, na hakuna anayegonga.

Kugusa na kutogusa

Hili linawachanganya watu, kwa sababu wanaambiwa wasiguse mawe na wakati huohuo wanahitaji kujishikilia. Kanuni yangu ni hii. Jiwe kavu la ukuta, ambalo mikono ya watu imeshalilainisha, shika. Jiwe linalometameta kwa maji, au lenye tone kwenye ncha, liache kabisa, hilo bado linakua. Mafuta ya ngozi yako yakilifunika, chembe za chokaa hazishiki tena vizuri pale, na rangi yake hugeuka kuwa nyeusi. Utayaona yaliyokufa hivyo karibu na njia: yamekuwa kama mpini wa jembe la zamani. Na utaona ncha zilizovunjwa, nyeupe katikati na miduara kama ya shina la mti. Mimi hizo hunitia uchungu kila mara. Mtu alichukua kipande cha kuweka juu ya televisheni, na pengo alilotuachia hata vitukuu vya vitukuu vyetu hawataliona limezibika.

Majina yaliyochorwa kwa mkaa na rangi yapo pia. Usiongeze lako.

Penye wembamba

Zipo sehemu ambazo utainama, na moja au mbili ambazo utatambaa. Wanene pia wanapita, kwa hiyo usikate tamaa kwa kutazama tu. Fanya hivi: vua begi, mpe aliye mbele au lisukume mbele yako. Toa vitu vya mifukoni, hasa simu na funguo, kwa sababu ndivyo vinavyokwama. Nyoosha mkono mmoja mbele na mwingine ulaze kando ya mwili, mabega yatapungua upana. Geuza kichwa upande. Sukuma kwa vidole vya miguu badala ya kujivuta kwa mikono. Ukihisi kifua kimebana, toa pumzi yote taratibu, usonge, kisha vuta tena.

Aingie mmoja mmoja. Wa pili asianze mpaka wa kwanza aseme "Nimepita." Ukikwama usihangaike, kuhangaika huvimbisha misuli. Tulia, pumua mara tano, rudi nyuma kwa njia uliyojia, jaribu pembe nyingine. Na ukisema hutaki kupita, basi hupiti. Mwongozaji mwema atakutafutia njia ya kuzunguka au atakuacha na mwenzako mahali pa wazi. Usiachwe peke yako.

Kichwa kikianza kuuma, pumzi zikienda mbio bila kazi nzito, au usingizi wa ghafla, hizo ni dalili za hewa nzito. Mwambie mwongozaji na mgeuke nyote.

Maumbo na jinsi ya kuyatazama

Mwongozaji atakuonyesha kochi la mawe, mamba, kichwa cha tembo, ramani ya Afrika, na mengineyo. Usibishe wala usikubali haraka, jitazamie. Siri ni kumulika kutoka pembeni. Taa ya kichwani inamulika moja kwa moja na kulifanya jiwe kuwa bapa kama ukuta. Mwombe mwenzako asogee hatua mbili kulia aangaze kwa upande, vivuli vitatokea, na kile kiwiliwili cha mamba kitainuka chenyewe kutoka ukutani. Kwa picha ni vivyo hivyo: simu iweke juu ya jiwe isitikisike, weka kihesabu sekunde, zima mwanga wa kamera, na tochi mbili zimulike kutoka kushoto na kulia. Utapata picha ambayo mwanga wa kamera hauwezi kuitoa.

Utasikia na hadithi. Kwamba njia moja inatokea Mombasa, nyingine Kilimanjaro. Kwamba Wazungu wawili waliingia na mbwa wao, wasionekane tena, mbwa akaja kutokea mbali. Hadithi hizi nazipenda na naomba usizikatize zinaposimuliwa. Lakini kwa usalama wako jua kwamba wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walioyapima mapango haya mwaka 1994 walikuta hata refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Na Kilimanjaro ni mlima wa volkano, maji hayachimbi njia ndani ya miamba ile kama yanavyochimba chokaa.

Hadithi ya Osale Otango na Paulo Hamisi ni ya aina nyingine. Hao wanakumbukwa Tanga kuwa walijificha humu miaka ya 1950, wakati wa vuguvugu la Mau Mau, wakitafutwa na polisi wa mkoloni. Wapo wanaosema walikuwa majambazi, na wapo wanaosema walichukua kwa matajiri wakawapa wanyonge. Ukiwa na bahati ya kumpata mwongozaji mzaliwa wa Kiomoni, muulize babu yake alikuwa anasemaje.

Mzimu

Ndani ya Amboni kuna mahali pa kuombea panapojulikana kama Mzimu wa Mabavu. Watu bado wanakuja, wengi wao wakitafuta uzazi, na wengine wana shida zao nyingine. Kwenye mizimu ya pwani utakuta vitambaa, chupa za marashi, sarafu, majivu ya ubani. Usiguse wala usichukue sarafu, hata kwa utani. Wakiwepo watu wanaomba, zima taa yako au ielekeze chini, simama kando, simu ibaki mfukoni. Mara ya mwisho mwongozaji wetu alibisha hodi kabla ya kupinda kona ile, akasubiri, akabisha tena. Hakuna aliyejibu, ndipo akatupitisha. Mimi ni mtu wa msikitini na siombi pale, lakini hodi yake niliiona ni adabu ya kutosha kwa dini yoyote.

Popo

Popo ndio wenyeji, na nyumba ni yao. Hawaparamii nywele za watu. Wanakukwepa kwa kusikiliza mwangwi wa sauti zao, na upepo unaouhisi shavuni ni wa kukupisha. Ongea kwa sauti ya chini, usiwamulike kwa muda mrefu, usipige makofi ili waruke. Popo anayestushwa hupoteza nguvu, na mama mwenye kinda anaweza kulidondosha.

Usimguse popo, mzima au aliyekufa. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho popo pia huweza kukibeba. Katika vyumba vyenye kinyesi kingi chini vaa barakoa, tembea bila kuburuza miguu, usikae chini. Kinyesi kikavu huweza kubeba fangasi aitwaye histoplasma, ambaye akivutwa na vumbi huingia mapafuni. Na katika mapango mengine ya Afrika Mashariki popo walao matunda wamehusishwa na virusi vya Marburg: pango la Kitum, Mlima Elgon, Kenya, wagonjwa walipatikana mwaka 1980 na 1987, na pango la chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda, watalii wawili waliugua mwaka 2008, mmoja akafariki. Kwa hiyo usile chochote ndani, usijifute uso kwa mkono uliotambaa nao, na ukiwa na kidonda wazi kifunge kabla ya kuingia.

Zimeni taa

Mkifika kwenye chumba kikubwa cha ndani, mwombe mwongozaji dakika mbili. Kila mtu akae penye jiwe safi, ashike bega la mwenzake, taa zote zizimwe pamoja. Watoto waelezwe kabla. Dakika ya kwanza utasikia watu wakicheka kwa woga. Ya pili utasikia maji. Mahali fulani, mbali, tone linadondoka, kisha kimya kirefu, kisha tone. Hiyo ndiyo kazi yenyewe iliyochimba mahali ulipokaa, na bado inaendelea.

Mwanga ukiisha au ukiachwa nyuma

Kaa chini. Hilo tu ndilo la kwanza. Wanaoumia pangoni ni wale wanaotembea gizani wakitafuta njia. Ita kwa sauti mara tatu, nyamaza hesabu hadi sitini, ita tena. Filimbi ni bora kuliko sauti. Mtandao wa simu usiutegemee, miamba huuzuia. Kundi likigundua mtu hayupo, wote wasimame palepale, na mwongozaji peke yake ndiye arudi.

Ukishatoka

Mhesabiane tena. Nawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni kabla ya kugusa chakula. Shati la pangoni livuliwe, litiwe kwenye mfuko wa plastiki, lifuliwe peke yake. Viatu visuguliwe kwa brashi na maji, nje ya nyumba.

Kama mchana bado upo, hayako mbali maji moto ya Galanos, yaliyopewa jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Yananuka kama yai viza kwa sababu ya salfa, na wenyeji huenda kuoga kwa ajili ya ngozi na viungo. Kidonda ulichokipata pangoni kioshe kwanza kwa maji safi ya bomba.

Ndani ya wiki tatu zinazofuata, ukipata homa, kifua kubana au kikohozi kikavu, usijitibu malaria kwa kubahatisha. Nenda hospitali, na neno la kwanza umwambie daktari ni kwamba uliingia pangoni, na tarehe.